Gari Lisilo na Ardhi

Kwa muda wa majuma matatu binti yule alikuwa akisema kwamba gari linamuuma, na kwa muda huohuo mamake alikuwa akimwonya aache ulimi wa utundu. Gari halina meno, mama alisema. Mtoto amechoka kubeba sinia, basi anaangusha bilauri makusudi ili aambiwe aketi. Bilauri nne zilikuwa zimekwisha kuvunjika, na thamani ya kila moja ilitolewa katika pesa za madaftari yake. Likizo ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa Nadapal, mpakani mwa Kenya na Sudan Kusini. Anayetoka Lodwar hufika Kakuma baada ya kilomita zipatazo 120. Huendelea hadi Lokichoggio kwa kilomita nyingine zinazokaribia 100, kisha hubakiwa na kipande cha kilomita kama 30 hivi kabla ya kuyakuta malori yamejipanga kandokando ya njia, madereva wake wamejinyoosha chini ya matrela wakingoja karatasi. Ng'ambo ni njia ya Narus na Kapoeta. Shehena nyingi ziendazo Juba hupitia Uganda, lakini hazikosekani za kupitia huku, na aliyewahi kungoja mpakani anajua kwamba kungoja kuna njaa yake. Tangu barabara hii ya A1 ianze kujengwa upya kwa lami, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, matumaini ya wauza chakula yameongezeka kuliko malori yenyewe.

Hapo awali gari lile lilikuwa matatu. Viti viling'olewa, dirisha moja la ubavuni likapanuliwa kwa msumeno na kuwekewa ubao wa bati wa kupitishia sahani, na mahali pa kiti cha nyuma pakasimama jiko la gesi na jokofu dogo la soda. Ubavuni ulibaki mstari wa njano, ule ulioamriwa na serikali mwaka 2004 enzi za waziri John Michuki, ingawa jua la Turkana lilikuwa limekwisha kuufifisha ukafanana na ugali wa jana. Injini ilikuwa ingali na pumzi ya kwenda Lokichoggio na kurudi, na hiyo ndiyo sababu mama alilipendelea gari kuliko kibanda. Mpakani foleni huhama, vituo vya ukaguzi huhama, na usalama nao huhama. Kila Jumamosi jioni alifungasha virago akaondoka. Kila Jumatatu alfajiri alirudi na kuegesha pale pengo lilipopatikana.

Umeme aliununua kwa mwenye duka mmoja, hatua sitini kutoka hapo, aliyekuwa na jenereta kubwa ya dizeli. Biashara ya namna hiyo si ngeni katika Turkana. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1991, lakini nyaya zake kubwa zilielekezwa kusini hadi Lessos, upande wa Eldoret, na Lodwar ikaachwa miaka na mikaka ikitegemea jenereta za dizeli. Kambini Kakuma, wenye jenereta walijifunza zamani kuwauzia majirani umeme kwa hesabu ya taa na soketi, nyaya zikipita juu ya mapaa ya mabati mfano wa kamba za kuanikia nguo. Desturi hiyo iliifuata barabara hadi Nadapal. Mama alilipia taa tatu, jokofu, na soketi za kuchajia simu. Soketi ndizo zilizokuwa mgodi wake. Dereva anayengoja karatasi hakubali simu yake izimike, na anayengoja simu ijae huagiza chai ya pili.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni fundi kijana, Mturkana, aliyekuwa amekuja kufunga taa katika ghala moja la pale mpakani. Kazi aliifunzwa Kakuma, katika karakana ya Mkongomani aliyekuwa akiishi kambini. (Hapa inafaa kuweka kando uzushi mmoja. Maandishi mengi ya kigeni kuhusu kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, hurudia kwamba jina hilo ni la Kiswahili na maana yake ni pasipo mahali. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ajaribu kulitafuta neno hilo kamusini. Waturkana walikuwa wakiishi hapo, na kupaita jina, kabla ya hema la kwanza la mkimbizi.)

Ilikuwa yapata saa moja za jioni. Fundi alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu, kikombe mkononi. Binti alikuja pekupeku na sinia lake akasimama chini ya dirisha, mahali palepale palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo, akanyoosha mkono kupokea sahani. Kiwiko chake kiligusa ubao wa bati. Fundi aliuona mkono ukijikunja kabla hajasikia ukelele. Sinia liliruka, na bilauri ya tano ikaangukia jiwe.

"Umeanza tena!" mama alifoka kutoka ndani.

"Limeniuma, mama."

Fundi alikiweka kikombe chini. Hakumpa pole. Alimwuliza kama gari huuma kila siku. La, binti alisema, jana halikuuma, juzi liliuma. Na akiwa ndani ya gari? Ndani haliumi kamwe. Na huuma zaidi wakati gani? Wakati vyombo vimekwisha kuoshwa.

Majibu hayo yalitosha. Katika mfuko wa shati fundi alikuwa na bisibisi ya kupimia, ile ambayo ndani ya mpini wake mna taa ndogo pamoja na kizuizi kinachoupunguza mkondo wa umeme hata usiweze kumdhuru aishikaye. Aliweka kidole juu ya mpini, akagusisha ncha kwenye mstari wa njano. Taa ikawaka.

"Mama," alisema, "hili gari lako lina stima. Gari lote."

"Stima iko kwa waya, fundi, haiko kwa bati," mama alijibu, mwiko mkononi. "Mimi nashinda humu ndani tangu asubuhi. Nashika ukuta, nashika dirisha, nashika kila kitu. Mbona mimi sirushwi?"

Kauli hiyo inastahili kusikilizwa na watu wa lugha. Neno stima, ambalo pwani liliwahi kuwa jina la meli ya mvuke, Wakenya wamelipa kazi ya kutaja umeme wa majumbani. Ni neno la mashine, la kitu kilichoundwa na watu, kinachotii swichi na kukaa mahali pake. Asemaye umeme hutaja, apende asipende, kile kimulikacho mawinguni na kuua mifugo chini ya mti. Asemaye stima hataji kitu chochote cha kutisha. Mama alikuwa na haki ya kudai kwamba stima iko kwenye waya, kwani hapo ndipo neno lenyewe lilipoiweka. Binti, ambaye hakutumia neno hili wala lile, alisema kuna kitu kinauma. Katika gari lile yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameeleza sawasawa.

Fundi hakubishana. Alimrushia mama bisibisi dirishani, akamwambia aweke kidole juu ya mpini kisha aguse ukuta akiwa humohumo ndani. Mama aligusa ukuta, akagusa sakafu, akagusa fremu ya dirisha. Taa haikuwaka. Uso wake ulianza kupata ushindi.

"Sasa shuka, mama. Lakini usishike mlango. Funga miguu pamoja uruke, utue pale pakavu."

Mama, mtu mzima mwenye heshima zake, aliruka kutoka garini kama mtoto anayecheza, mbele ya madereva saba, na wawili kati yao wakacheka. Alijikung'uta mchanga, akalirekebisha leso lake, akasogea na ndara zake miguuni, akaugusa mstari wa njano kwa ncha ya bisibisi. Taa ndogo ikawaka nyekundu ndani ya kiganja chake.

Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamtazama binti, aliyekuwa amechutama akiokota vigae vya bilauri.

Umeme haumrushi mtu kwa kumgusa tu. Humrusha kwa kupita ndani yake kwenda mahali pengine. Ndege hutua juu ya waya mtupu akaimba, kwa kuwa miguu yake yote miwili iko juu ya waya uleule na hana anakoupeleka umeme. Ndani ya gari lile mama alikuwa ndege. Sakafu ya bati, ukuta wa bati na mikono yake vyote vilikuwa na volti zilezile, basi hapakuwa na kitu cha kuusukuma mkondo kupita mwilini mwake. Binti alikuwa na kiwiko juu ya bati na nyayo tupu juu ya ardhi iliyoloa. Jenereta ya mwenye duka ilikuwa na upande mmoja uliounganishwa na nondo iliyochimbiwa ardhini, kwa hiyo kwa kupitia ardhi umeme ulikuwa na njia ya kurudi ulikotoka. Gari, kwa kuwa lilikaa juu ya mipira minne, halikuwa na njia hiyo. Mtoto ndiye aliyekuwa njia.

Ndiyo sababu mama hakumsadiki. Si kwamba alikuwa na moyo mgumu. Kila alipotaka kuhakikisha, aliushika ukuta kwa mkono wake mwenyewe, na ukuta ukamshuhudia kwamba mtoto ni mwongo.

Tarakimu za jambo hili si nyingi, na ni heri zijulikane. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Mkondo wa miliampia 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampia, mtu huuhisi kama mwasho. Unapofikia miliampia 10 au zaidi kidogo, misuli ya kiganja hujifunga, na aliyeshika chuma hushindwa kukiachia hata akitaka. Ukizidi miliampia 30 na kupita kifuani kwa muda, moyo waweza kupoteza mpigo wake. Sasa, katika duka lile mlikuwa na fyuzi moja, ya ampia 13, yaani miliampia 13,000. Fyuzi huwekwa ili waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Binti angeweza kufa mara kadhaa na fyuzi ile isijue. Alichomwokoa ni kwamba kila mara aligusa kwa kiwiko au kwa mgongo wa mkono, misuli ikajikunja na kumtoa. Angeushika ukingo wa ubao kwa kiganja, misuli ileile ingemfunga hapo.

Ilichukua nusu saa kukipata chanzo, na chanzo chenyewe kinasikitisha zaidi kwa sababu hakikuwa uzembe. Aliyefunga nyaya za gari lile alikuwa fundi wa umeme wa magari, hodari wa kazi yake. Katika umeme wa betri, wenye volti 12, bodi ya gari ndiyo njia ya kurudi. Waya mmoja huenda kwenye taa, na bati lenyewe humalizia safari hadi upande hasi wa betri. Ndivyo yanavyoundwa magari karibu yote, na volti 12 hazimrushi mtu, ingawa zaweza kuliteketeza gari nyaya zikigusana. Alipoombwa afunge taa za jenereta, fundi huyo alifanya alivyozoea. Waya mmoja aliupeleka kwenye taa na soketi, wa pili akaukaza kwa skrubu kwenye bati. Taa zikawaka, akalipwa, akaenda zake. Wanaosoma tafsiri wana jina la kosa la namna hii: ni tafsiri sisisi. Kila neno limehamishwa kwa uaminifu kutoka lugha moja hadi nyingine, na sentensi iliyopatikana inaua.

Nyaya zote mbili kutoka dukani zilikuwa nyeusi. Kila jioni mvulana wa duka aliziunga upya kwa kuzisokota, mara nyingi gizani. Siku ambayo waya wa bati ulikutana na ule upande wa jenereta uliofungwa ardhini, gari lilitulia na mama akamwambia mwanawe, unaona? Siku ambayo uliungwa kinyume, bati lote, toka bampa hadi bampa, lilijaa volti 240. Ikawa ni kama kurusha sarafu. Na hapo bado mtungi wa gesi haujatajwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na sakafuni ndiko skrubu ile iliyolegea ilikokuwa ikitoa cheche.

Nchi zilizozoea magari ya kulala na magari ya kuuzia chakula zimeyatungia kanuni. Kanuni za Uingereza za ufungaji wa umeme, zijulikanazo kwa jina la BS 7671, zina sehemu ya 717 kuhusu vyumba na magari yanayohamishwa, na sehemu ya 721 kuhusu matrela ya makazi na magari ya makazi. Kiini chake ni kile alichokijua fundi wa Kakuma bila kuzisoma: mabati yote yaunganishwe na waya wa ardhi, bati lisifanywe waya wa kurudi, na pawepo kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kenya nayo ina Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na mamlaka ya EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa umeme. Lakini matatu iliyogeuka jiko huponyoka katikati ya vidole vya sheria. Ilipokuwa barabarani iliulizwa mikanda ya abiria, kidhibiti mwendo na mstari wa njano. Ilipokuwa jiko iliulizwa leseni ya biashara na cheti cha afya cha mpishi. Njiani kati ya ofisi hizo mbili hakuna aliyeiuliza nyaya zake.

Fundi alizifungua nyaya zote mbili dukani, akazikunja, akazitundika msumarini. "Leo hakuna stima," alisema.

"Na kesho?"

"Mpaka tupate athi, mama, na kile kifaa."

"Athi?" mama alishangaa. "Athi si mto wa huko Ukambani?"

Madereva waliangua kicheko, hasa wale wa Mombasa, ambao huupita mji wa jina hilo kila safari. Fundi mwenyewe alicheka. Maneno aliyokuwa nayo ya kazi yake yalikuwa ya Kiingereza yaliyovikwa kanzu ya Kiswahili: laivu, nyutro, athi. Mkongomani aliyemfunza alikuwa na yake ya Kifaransa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, lakini karakana ile haikuwa na kamusi. Ilikuwa na koleo, na maneno yaliyoachwa na kila aliyepita. Ilimbidi fundi alivue neno lake kanzu.

"Athi ni ardhi, mama. Gari lako halina ardhi. Liko juu ya mipira."

"Ardhi si hii tunayoikanyaga?"

"Ni hiyohiyo. Tutapigilia nondo ya mita moja na nusu, tuifunge kwa waya kwenye bati. Lakini mchanga huu ni mkavu mno. Nondo ikitiwa kwenye mchanga mkavu ni kama hujaitia. Inataka makaa na chumvi, na imwagiwe maji kila siku."

Hapo ndipo mama alipokasirika kwa dhati. Katika nchi ambayo wanawake huchimba mchanga wa laga kwa mabakuli ili yatoke maji ya kunywa, kijana huyu anamwambia achukue jerikeni alilolinunua kwa pesa zake akamnyweshe chuma. Alimwuliza kama wazee wake wanajua anachokwenda kuwaambia watu. Fundi aliinama. Ilikuwa kweli kwamba katika vitabu vya mafunzo ushauri ule husemwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba maji hupatikana popote.

"Si ya jerikeni, mama," binti alisema. "Ya vyombo."

Wote wawili walimgeukia. Maji ya kuoshea vyombo, aliendelea kusema kwa sauti ya chini, humwagwa kila jioni hapo chini ya dirisha. Si yamwagwe kwenye chuma? Na chuma kiwekwe upande ule mwingine, wateja wasikosimama.

Nondo ikapigiliwa upande ule mwingine.

Hata hivyo nondo ilikuwa nusu ya dawa, na fundi hakukubali kuificha nusu nyingine. Tuseme ardhi ile, hata baada ya kuloweshwa, ina ukinzani wa omu 200. Volti 240 zikigawanywa kwa 200 hutoa ampia 1.2. Fyuzi ya ampia 13 haitakatika mpaka siku ya kiyama, na bati litabaki na umeme. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja hakingoji fyuzi. Hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Vikihitilafiana kwa miliampia 30 hukata vyote viwili, chini ya theluthi ya sekunde. Kwa hicho, hata ardhi yenye ukinzani wa omu 1,000 ingefaa. Nchi yenye mchanga mkavu ndiyo inayokihitaji zaidi kuliko zote, nayo ndiyo isiyokuwa nacho dukani. Kilibidi kiagizwe Kitale, kwa dereva wa lori aliyekuwa akiteremka.

Siku tisa zilipita. Usiku mama aliuza kwa taa ndogo ya sola aliyoazima Lokichoggio, soda zikiwa na joto la chai na chai ikiwa na wanywaji wachache, kwa maana wenye simu walikuwa wamehamia kwa jirani, ambako nyaya zilikuwa zilezile nyeusi na hakuna aliyezipima. "Umeniulia biashara, mwanangu," alimwambia fundi kila alipokuja kunywa chai, na kila alipokuja alimtoza bei kamili. Hakumwomba aziunge tena nyaya zile. Siku ya tatu, binti alipoufungua mkoba wake alikuta fundo la kitambaa lenye pesa za bilauri nne, na chini yake jozi ya akala mpya, zilizochongwa kutoka tairi la lori. Hakuna aliyeyataja mambo hayo.

Kifaa kilipofika, fundi alianza upya. Waya wa kurudi alioutoa kwenye bati aliutafutia njia yake peke yake, akazipitisha nyaya zote ndani ya bomba la plastiki. Bati akalifunga kwa nondo kwa waya wa kijani na njano, wenye kishikio cha kufunguka ili gari liweze kwenda Lokichoggio. Waya wa kutoka dukani aliupandisha juu ya miti ya mgunga, magurudumu ya malori yasiukanyage. Kifaa chenyewe hakukiweka garini. Alikifunga ukutani mwa duka, mwanzo kabisa wa waya, ili kama waya utakatwa njiani usimuue mpita njia. Mwenye duka alitazama, akauliza bei yake, akanyamaza. Kesho yake aliuliza tena.

Juu ya kifaa palikuwa na kitufe cha majaribio, na ndani ya boksi karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina. Binti ndiye aliyeisoma, akitambaa na maneno taratibu. Kitufe kibonyezwe kila mwezi. Alirarua kipande cha boksi akauliza iandikwe nini. Fundi alianza kusema testi, akajikatiza, akamwachia. Binti aliandika kwa makaa, herufi kubwa: BONYEZA KILA MWISHO WA MWEZI. TAA ZIKIZIMIKA NI SAWA. ZISIPOZIMIKA USIWASHE. Alikigandika kibao hicho ukutani mwa duka kwa uji wa unga.

Mwezi haukuwa umeisha, lakini kesho yake alikuwa anapanda lori la kurudi shuleni Lodwar. Saa mbili za usiku, gari limejaa, soda zimepata baridi, simu kumi na moja zinachajiwa, alizipiga hatua zile sitini hadi dukani na akala zake miguuni, akanyoosha kidole.

Taa zilizimika zote kwa pamoja. Madereva walipiga kelele. Kutoka ndani ya giza la gari ikasikika sauti ya mamake.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Ninajaribu."

Kimya kidogo. Kijiko kiligonga sufuria.

"Imekata?"

"Imekata."

"Haya, washa. Watu wanakula."